KUTOA RAMANI BILA YA KUTOA KALAMU
Mazungumzo kuhusu kupeana mafaili ya michoro ya majengo



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo zamani lilikuwa la ofisi za usanifu peke yake, na ambalo leo limeingia katika kila idara inayopokea ramani ya jengo na katika simu ya kila mwananchi anayejenga. Nalo ni hili: vipi mchoro wa jengo utafikishwa kwa mtu mwenye haja ya kuuona, kuupima na kuufuata katika ujenzi, pasipo kumpa pamoja nao uwezo wa kuugeuza.

Huenda mtu akaliona suala hili kuwa ni la mafundi wa kompyuta tu. Sivyo. Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya ghorofa tatu ambayo ramani yake iliyopitishwa inaonesha ngazi yenye upana wa milimita 1,200. Faili la ramani hiyo likapita mikono mitano baina ya msanifu na fundi, na katika mkono mmojawapo ngazi ikapunguzwa hadi milimita 900 ili chumba cha pembeni kipate nafasi. Jina la msanifu limebaki pale pale, nambari ya mchoro ni ile ile, tarehe ni ile ile, na muhuri upo. Aliyebadilisha hajulikani, na yumkini hakukusudia ubaya wowote. Ila watakaokaa katika nyumba hiyo watashuka kwa ngazi ambayo hakuna mtaalamu aliyeikubali, na tofauti yake wataijua siku ya moto.

Katika zama za karatasi hatari hii ilikuwapo, lakini ilizuiliwa na namna yenyewe ya kazi. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyororo inayopitisha mwanga, na mchoro huo wa asili haukutoka ofisini. Ulilazwa katika saraka za kabati pana, ukakaa humo kwa miaka. Kilichotoka ni nakala. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel alivumbua njia ya kunakili kwa mwanga juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma, na baadaye njia hiyo ikawa ndiyo desturi ya ofisi za ujenzi: nakala zilitoka na mistari myeupe juu ya rangi ya buluu. Zikafuata nakala za mvuke wa amonia, ambazo harufu yake haisahauliki kwa mtumishi yeyote aliyefanya kazi karibu na mashine ile. Mkandarasi aliyepewa nakala aliweza kuiandika apendavyo kwa kalamu nyekundu. Mchoro wa asili haukuguswa. Na mchoraji mwenyewe alipotaka kurekebisha alikwangua wino kwa wembe, pakabaki mparuzo ambao jicho lililozoea liliutambua mara karatasi ilipoinuliwa dirishani.

Kompyuta iliiondoa mipaka hiyo. Programu ya AutoCAD ilianza kuuzwa mwezi wa Desemba 1982, na katika muda usio mrefu meza za kuchorea zikaanza kupungua ofisini. Sasa, faili la mchoro si picha. Ni mfano wa daftari la hesabu: mstari huu unaanzia nukta hii na kuishia nukta ile, umo katika tabaka la kuta, rangi yake ni hii. Kuusogeza ukuta ni kubadilisha nambari chache, na nambari mpya haina mparuzo. Zaidi ya hayo, nakala ya faili si nakala kwa maana ya zamani. Ni asili ya pili, yenye nguvu zote za ile ya kwanza. Anayetuma faili la AutoCAD kwa barua pepe hajatuma nakala ya buluu. Ametoa saraka nzima pamoja na wino na wembe.

Kuna kisa kimoja cha nchini Marekani ambacho wanafunzi wa uhandisi katika nchi nyingi hufundishwa, nacho chafaa kuelezwa kwa urefu. Katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, hoteli ya Hyatt Regency ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake mkubwa mlikuwamo njia za kupita watu zilizoning'inizwa kutoka juu kwa nondo za chuma, na njia ya ghorofa ya nne ilikuwa juu ya ile ya ghorofa ya pili. Mchoro wa mwanzo ulionesha nondo moja ndefu inayotoka juu, inayopenya boriti ya njia ya juu na kushuka hadi njia ya chini, na kila njia ibebwe na nati yake. Nondo ya namna hiyo ilihitaji kukatwa hesi katika sehemu ndefu ya mwili wake, kazi yenye taabu. Hivyo mchoro ukabadilishwa wakati wa kutengeneza vyuma: badala ya nondo moja zikawa mbili, ya kwanza kutoka juu hadi njia ya juu, ya pili kutoka njia ya juu hadi njia ya chini.

Kwa mtu asiyepiga hesabu, badiliko hilo ni dogo. Lakini ndoo mbili zikifungwa kwenye kamba moja ya kisimani, kila moja kwa fundo lake, kila fundo lina mzigo wake. Ndoo ya pili ikitundikwa kwenye kitako cha ile ya kwanza, fundo la juu hubeba zote mbili. Ndivyo ilivyokuwa. Nati iliyo chini ya boriti ya njia ya juu ilibebeshwa mzigo maradufu. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi, njia zile mbili zilianguka. Watu 114 walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionesha kuwa hata kiungo cha mchoro wa mwanzo hakikufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za mji ule, na kwamba badiliko la nondo mbili liliiongeza hatari hiyo mara mbili. Michoro iliyobadilishwa ilikuwa na muhuri wa wahandisi, ilhali pande zilizohusika zilitofautiana kuhusu nini kilizungumzwa kwa simu na nani alikubali nini. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Haki isemwe: michoro ile ilikuwa ya karatasi, na hakuna kufuli ya faili ambayo ingewaokoa watu wale. Muhuri ulikuwapo, kilichokosekana ni hesabu iliyopaswa kuutangulia. Hata hivyo kisa hiki kinadhihirisha kuwa badiliko dogo la mkono wa pili laweza kuzaa jengo jingine kabisa. Dawa yake ni badiliko hilo kurudi kwa mwenye mchoro likiwa linaitwa badiliko, limeandikwa, lina nambari yake, nalo lihesabiwe upya. Faili lililo wazi kwa kila mkono humnyima mwenye mchoro hata fursa ya kuulizwa.

Wengi wakishaelewa hatari hii hukimbilia kufuli, nazo kufuli nyingi ni za mapambo. Alama ya kusoma tu ambayo kompyuta huweza kulipa faili huondoka mara mtu akilihifadhi kwa jina jipya. Programu ya AutoCAD yenyewe iliwahi kuruhusu faili kufungwa kwa neno la siri, kisha uwezo huo ukaondolewa kuanzia toleo la 2016. Mafaili ya PDF nayo yana maneno ya siri ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Aina ya kwanza hufunga faili lisifunguke kabisa, na hii ni kufuli ya kweli iwapo neno lenyewe si jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa. Aina ya pili huliacha faili lifunguke lakini hukataza kulibadilisha, kulinakili au kulichapisha. Katazo hili hutegemea adabu ya programu inayofungua. Programu yenye adabu hutii. Zipo nyingine nyingi zisizotii, na kuzipata hakuhitaji utaalamu wowote. Afisa anayeridhika kwamba mchoro uko salama kwa sababu ameweka katazo hilo ameufunga mlango kwa uzi.

Hata hivyo PDF ndiyo nakala ya buluu ya zama hizi, na desturi ya kutoa PDF badala ya faili la asili ni desturi njema. Ilianzishwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, kwa hiyo husomeka pasipo kununua programu ya kuchorea. Ila yafaa ifahamike kuwa PDF itokayo moja kwa moja katika programu ya kuchorea huchukua mistari kama mistari, si kama picha, na huweza hata kuchukua matabaka. Tokea toleo la 2017, AutoCAD yenyewe inaweza kuivuta mistari hiyo na kuirudisha kuwa mchoro unaoharirika. Basi kabla ya kutoa, yafutwe matabaka yasiyomhusu mpokeaji, pamoja na maelezo ya pembeni na majina ya watu yaliyojificha ndani ya faili. Kutoa PDF kunamzuia mwenye pupa na aliyepitiwa, hakumzuii aliyeazimia.

Na kwa kuwa mafundi wengi hupokea mchoro kwa karatasi, liko tatizo jingine ambalo huleta hasara bila ya mtu yeyote kugusa mstari. Mchoro uliopangwa kwa karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:100 ukichapwa kwenye A3, kipimo chake kimekuwa 1:200, ijapokuwa pembeni pangali pameandikwa 1:100. Fundi akiweka rula yake juu ya karatasi hiyo na kuamini yaliyoandikwa, chumba cha mita nne atakisoma kuwa cha mita mbili. Kwa sababu hiyo kila mchoro uwe na mstari wa kipimo uliochorwa, ambao hupungua na kukua pamoja na karatasi, na vipimo vyote muhimu viandikwe kwa tarakimu. Ama picha ya mchoro iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, hiyo isijengewe kitu. Picha hupunguzwa ubora njiani, na 3 huweza kusomeka 8.

Kufuli iliyo imara zaidi ni kutolitoa faili la asili kabisa. Faili likae katika kompyuta ya ofisi inayohusika au katika hifadhi ya mtandaoni inayosimamiwa na ofisi hiyo, na kila mtu apewe ruhusa kwa jina lake: huyu kutazama, yule kutazama na kuandika maoni, na wachache mno kuhariri. Zipo programu zinazomwezesha mpokeaji kutazama mchoro, kupima umbali na kuandika maoni juu yake, pasipo maoni hayo kuingia ndani ya mchoro wenyewe. Ruhusa isitolewe kwa anwani ambayo kila mwenye nayo huingia, kwani anwani ya namna hiyo husambazwa kama salamu. Na mtumishi akihama au mkataba ukimalizika, ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo. Jambo hili la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Wako wenzi wa kazi ambao hawatosheki na kutazama. Mhandisi wa nguzo na boriti hawezi kupanga nguzo zake bila ya kuta za msanifu. Mtaalamu wa umeme na yule wa maji vile vile. Hawa wapewe mchoro kwa njia ya rejea: faili la msanifu hulazwa chini ya faili la mhandisi mithili ya karatasi chini ya karatasi inayopitisha mwanga, naye huchora juu yake katika faili lake mwenyewe. Faili la chini liwekwe katika hifadhi ambayo mhandisi ana ruhusa ya kusoma tu. Msanifu akibadilisha ukuta, mhandisi ataona. Mhandisi akitaka ukuta usogee, ataomba. Kwa majengo yanayosanifiwa kwa umbo kamili, si kwa mistari peke yake, kuna mfumo uitwao IFC, uliotambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa kwa nambari ISO 16739 mwaka 2013, ambao huwawezesha wenye programu tofauti kusoma jengo moja, kila mmoja akabaki mwenye kazi yake.

Baada ya hayo yote, ukweli unabaki kuwa mtu aliyepata nakala na akaazimia kuigeuza ataigeuza, angalau kwa kuichora upya. Kwa hiyo lengo la haki si kuzuia kila mkono. Ni kuhakikisha kuwa kazi ya mkono mwingine haipiti kwa jina la mwenye mchoro. Kwa hilo kuna nyenzo mbili zenye nguvu kuliko kufuli.

Ya kwanza ni alama ya utambulisho wa faili, ambayo ni kama alama ya kidole gumba. Kompyuta hupitia faili lote na kulitolea mfuatano mmoja wa herufi na tarakimu. Katika njia iitwayo SHA-256 mfuatano huo huwa na nafasi 64. Ikibadilishwa nukta moja ya mchoro, mfuatano wote hugeuka. Kompyuta za kawaida huweza kuitoa alama hii bila ya gharama. Ofisi ikitoa mchoro iiandike alama yake katika barua ya kupelekea, na barua hiyo ipite njia nyingine, isiambatane na faili. Siku ikizuka shaka, faili lililo mkononi mwa mkandarasi hupimwa, na jibu hupatikana kwa dakika moja.

Ya pili ni saini ya kidijitali. Wengi hudhani kuwa saini hiyo ni picha ya saini ya wino iliyobandikwa kwenye faili. Picha ya saini haina ulinzi wowote. Hukatwa kutoka barua moja na kubandikwa kwenye nyingine, na kuitapanya ni kumkaribisha mwizi. Saini ya kidijitali ni hesabu inayofungamanisha ufunguo wa siri wa mtiaji saini na alama ya faili lile lile moja. Faili likiguswa baadaye, programu inayolisoma hutoa onyo. Saini haizuii badiliko, ila humfedhehesha mbadilishaji.

Nyenzo hizo hazina maana ikiwa masjala haina daftari. Kila mchoro uwe na nambari, na kila toleo liwe na herufi: A, B, C. Toleo likishatoka lisiguswe tena, hata kwa kosa la herufi moja katika jina la barabara. Litoke toleo jipya. Iandikwe nani amepewa lipi, tarehe gani, kwa madhumuni gani, kwani mchoro uliotolewa kwa maoni si mchoro wa kujengea. Viwango vya kimataifa vya ISO 19650, vilivyotoka mwaka 2018, vinagawa taarifa za ujenzi kwa hali nne: inayofanyiwa kazi, iliyoshirikishwa, iliyotolewa rasmi, na iliyohifadhiwa. Mtumishi mkongwe wa masjala akivisoma ataona kuwa ni kazi aliyokuwa akiifanya kwa kalamu na jalada.

Upo pia upande wa wananchi, nao una haki ya kusikilizwa. Mwenye nyumba husema: fedha nimelipa, mbona nanyimwa faili? Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaihesabu michoro ya usanifu kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa kwa hakimiliki. Kulipia ujenzi wa nyumba moja na kumiliki mchoro wake ni mambo mawili. Lakini malalamiko hayo yana msingi. Msanifu akifariki, akihama nchi, au ofisi yake ikifungwa, mwenye nyumba anayetaka kuongeza ghorofa miaka 15 baadaye hubaki na karatasi iliyochakaa, akalazimika kumlipa mtu mwengine apime upya kila ukuta. Msanifu anayelificha faili kana kwamba ni hirizi hamtendei haki mteja wake. La kufaa ni mkataba kusema tangu mwanzo kuwa jengo likimalizika, faili linaloharirika la jengo kama lilivyojengwa litakabidhiwa kwa mwenyewe au litawekwa amana mahali pa kuaminika, na kwamba atakayelibadilisha atafuta jina na muhuri wa msanifu wa awali na kuweka vyake. Kwa majengo ya umma sharti hilo lisikosekane.

Mwisho ni suala la muda. Majengo huishi kuliko programu. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883, miaka 99 kabla ya AutoCAD kuanza kuuzwa, na sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020 haja ya michoro sahihi ya jengo hilo ilikuwa kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Faili la leo linaloweza kusomwa na programu moja tu huenda lisifunguke baada ya miaka 30. Kwa hifadhi ya muda mrefu kuna PDF ya aina maalumu, PDF/A, iliyowekewa kiwango mwaka 2005, ambayo hubeba ndani yake kila inachohitaji ili isomeke. Kila mchoro uliopitishwa uhifadhiwe kwa aina hiyo, pamoja na alama yake ya utambulisho, katika sehemu mbili zisizo chini ya paa moja. Na ichapwe karatasi moja kwa ukubwa kamili, itiwe saini kwa wino, ilazwe katika masjala pasipo unyevu wala mchwa.